Anayejipima Moyo Ndiye Anayeadhibiwa

Leo naweka programu kando kidogo. Kuna jambo linanikera.

Rafiki yangu mmoja anaishi Marekani, na wikendi hurusha ndege ndogo. Ana miaka 52, na babake alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Juzi nilimwuliza mbona hajipimi kalsiamu: picha ya CT ya dakika chache tu, inayohesabu kalsiamu iliyojijenga katika mishipa inayolisha moyo. Akacheka. "Ndugu yangu, nikishajua itabidi niseme."

Ni kweli. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, ina fomu inayomtaka rubani anayeomba cheti cha afya aeleze alivyomwona daktari kwa miaka 3 iliyopita, na kama amewahi kuwa na tatizo la moyo. Kudanganya ni jinai: hadi miaka 5 jela na faini hadi dola 250,000. Akipeleka majibu mabaya, anaweza kuagizwa vipimo zaidi, kwa pesa zake, huku cheti kikingoja.

Sasa tazama jirani yake mwenye mishipa mibovu vilevile, ila hakujipima. Cheti cha daraja la tatu, ambacho marubani wa kibinafsi hutumia, hakidai hata ECG. Asiyejua anapita. Aliyejali anakwama.

Sisi watu wa programu tunaijua hadithi hii. Bosi akikata mshahara wa kila anayeripoti kasoro, baada ya wiki moja orodha ya kasoro itakuwa safi kabisa. Na programu je? Itaangukia mikononi mwa mteja.

Utaniambia vipimo vya cheti vinatosha. Haya, kumbuka Staines, Uingereza. Tarehe 18 Juni 1972 ndege ya BEA aina ya Trident ilianguka muda mfupi baada ya kupaa kutoka Heathrow, na watu wote 118 wakafa. Maiti ya rubani mkuu, Stanley Key, ilipopasuliwa ilionekana mishipa ya moyo wake imeharibika vibaya. Tume ya uchunguzi iliitaja hali hiyo miongoni mwa mambo yaliyochangia ajali. ECG ya mtu aliyejilaza ametulia yaweza kuonekana nzuri tu huku mishipa inaziba.

Sisemi kila rubani apigwe CT. Alama ya kalsiamu peke yake haisemi kama mshipa umebana, na yaweza kumtia mtu hofu na gharama za bure. Wala sisemi mgonjwa afiche, maana aliyeketi nyuma yake ana haki ya kufika salama.

Kinachoniudhi ni kwamba watu wa ndege wanaijua dawa! Tangu 1976 NASA inaendesha mfumo uitwao ASRS. Rubani akikosea bila kukusudia, akatoa taarifa ndani ya siku 10, FAA kwa kawaida haimpi adhabu hata ikithibitika alivunja kanuni. Waliona mapema kwamba ukimpiga anayesema, hutasikia tena.

Basi kwa nini kosa la mkono lipewe kinga, na moyo usipewe? Aliyejipima kwa hiari, asiye na dalili yoyote, aambiwe mapema alama gani inadai kipimo gani, apewe tarehe ya jibu, na cheti kisiguswe kwa sababu ya alama peke yake. Hiyo ni kazi ya karatasi, si ya roketi.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Rafiki yangu hafichi kitu. Amefundishwa tu asijue. Jumamosi hii ataruka tena.