Uhuru wa Watumwa Ufundishwe, Lakini Vitenzi Vyake Vihojiwe

Kuna makundi mawili yanayogombania riwaya ya James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, iliyochapishwa London na Sheldon Press mwaka 1934. La kwanza hudai kwamba kitabu hiki ni kasumba ya kikoloni, kimeandikwa kumtukuza Mwingereza, basi kiondolewe mbele ya macho ya vijana. La pili husema kwamba ni historia iliyokamilika: mwanafunzi akisome, akariri dhamira, ajibu mtihani, yaishe. Mimi ni mwalimu wa fasihi hapa Pwani, na nayapinga makundi yote mawili.

Wanaotaka kukitupa wajiulize wanamtupa nani. Mbotela ni mzao wa watu walioshushwa majahazini na kupewa makazi Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mahali ambapo jina la Kengeleni lingali linaikumbuka kengele ya misheni. Maktaba zetu zimejaa tenzi na habari za waungwana, zilizotungwa na waungwana. Wazao wa watumwa waliopata kuandika kwa Kiswahili na kuchapishwa ni wa kuhesabika. Tukimnyamazisha huyu kwa sababu hakusema tuliyotaka kuyasikia, tutakuwa tumeinyamazisha nyumba ile ile mara ya pili.

Hata hivyo, kumsikiliza mtu si kuitikia kila neno lake. Tazameni mwendo wa hadithi. Kijana wa Kiyao anatekwa, anafungwa minyororo, anaswagwa hadi pwani, anauzwa, anapakiwa jahazini. Kisha manowari ya Kiingereza inatokea, naye anaokolewa, anapelekwa, anafundishwa. Mashaka yakageuka faraja, na kauli ikabaki ile ile ya kutendwa. Aliyebadilika ni mtenda: jana Mwarabu, leo Mwingereza. Mtu mweusi amesalia pale pale alipowekwa katika sentensi. Neno lenyewe linatuonya: mtumwa ni mtu atumwaye. Hata jina la kitabu halituambii ni nani aliyeuleta huo uhuru, ila hadithi nzima inatuelekeza tumshukuru Mzungu.

Lugha yetu, lakini, ina neno jingine: mtoro. Mtoro hakutoroshwa, alitoroka. Watoro walikimbia mashamba ya pwani wakajenga makazi yao wenyewe, kama Fuladoyo katika nchi ya Wagiriama. Wengine walikwenda kwa miguu yao hadi misheni ya Rabai na nyinginezo, wakawa wengi hata mabwana zao wakapiga kelele. Tarehe 1 Januari 1889, George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza iliyoshika pwani alitoa hati za uhuru kwa watoro zaidi ya elfu moja. Waliopokea fedha siku hiyo ni mabwana. Mtumwa alijikomboa kwa mbio zake, na fidia akapewa aliyemfukuza. Mwanafunzi asiyeyajua haya atawezaje kuupima ukombozi anaosimuliwa?

Apewe na miaka pia. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873. Waingereza walitangaza himaya yao mwaka 1895, na bado sheria ya pwani ya Kenya iliendelea kumtambua mtumwa kuwa mtumwa mpaka mwaka 1907. Kwa miaka 12 bendera ya mkombozi ilipepea juu ya utumwa halali. Na mwaka 1934, Mbotela alipochapishwa, wanaume Waafrika wa Kenya walikuwa wakibeba kipande, wengi wao wakikivaa shingoni ndani ya kikebe. Mwaka uo huo ilitoka ripoti ya tume ya ardhi ya Carter, iliyothibitisha kwamba nyanda za juu ni za Wazungu. Kitabu kilichoitwa Uhuru kilitoka siku hizo, wala hakikuona ajabu. Mwalimu asiyeuandika mwaka huo ubaoni amefundisha nusu ya kitabu.

Nasema haya bila ya kuupunguza uovu wa utumwa wa kwetu hata chembe. Wapo wanaomlaumu Mbotela ili tu wapate kuwatakasa babu zao. La hasha! Waarabu walimiliki watu, na Waswahili walimiliki watu, na ushahidi umo vinywani mwetu. Mungwana alikuwa mtu huru. Leo uungwana ni tabia njema. Mshenzi alikuwa mtu wa bara, wa kutekwa. Leo ushenzi ni tabia mbaya. Ustaarabu chimbuko lake ni kujifanya Mwarabu. Washairi wenzangu, tunayapanga maneno haya katika vina kila uchao na kuyaita maadili. Utumwa ulipokoma kisheria, daraja zake zilihamia katika kamusi.

Ndiyo maana swali hili si la wanazuoni peke yao. Darasani kwangu mjukuu wa mwenye shamba hukaa dawati moja na mjukuu wa mtoro. Kijana mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, mtaani wanatuita wazalia. Hilo ni tusi au ni ukoo?" Hakuna orodha ya dhamira iwezayo kumjibu. Tulichofanya ni kuitafuta maana ya neno, nani alilitumia kwa nani, na kwa faida ya nani.

Basi nashauri mambo mawili, na yote ni kazi ya lugha. Kwanza, mwanafunzi achague ukurasa wa riwaya hii na kuuandika upya, mtumwa akiwa mtenda: aone, akatae, apange, akimbie. Akishindwa, aeleze ni kitu gani katika hadithi kilichomzuia. Pili, darasa likusanye maneno ya daraja, mtwana, mjakazi, mzalia, mungwana, mshenzi, na kuyafuatia hadi kwenye mashairi tunayoyasifu, yakiwemo ya walimu wao.

Nitaambiwa kwamba silabasi haina nafasi, na kwamba masomo ya namna hii huchochea chuki baina ya watoto. Chuki hiyo walikuja nayo kutoka mtaani, imefumbatwa katika majina wanayoitana. Shule inayokataa kuyafunua majina hayo imemwachia mtaa kazi ya kufundisha. Nani kati yetu yuko tayari kuanza na shairi lake mwenyewe?