Mkaa wa Choo Usiingie Kwenye Ndoo ya Maji

Yeyote huku Makwale, wilayani Kyela, atakayeambiwa kwamba mkaa wa topekinyesi, yaani tope la vyooni, unasafisha maji ya kunywa, akatae. Asiutie kwenye ndoo, asimlambishe mgonjwa wa tumbo, asiuchanganye na pumba za nguruwe.

Nasema mapema kwa sababu mkaa huu una sifa njema, na sifa husafiri haraka kuliko masharti yake. Kule Nakuru, Kenya, kampuni ya NAWASSCOAL hukausha topekinyesi, hulichoma tanuruni, hulichanganya na unga wa mbao uliochomwa pamoja na molasi, likawa vibonge vya kupikia. Kazi halali kabisa. Balaa huanza pale mtu anaposhika kitu cheusi, akakumbuka kwamba mkaa huchuja maji. Mkaa wa vichujio vya dukani kwa kawaida hutokana na vifuu vya nazi au makaa ya mawe, na aghalabu hupitishwa kwenye mvuke wa nyuzi 800 na zaidi. Pipa lililotobolewa nyuma ya nyumba haliwezi kazi hiyo.

Joto huua vijidudu, hilo sibishi, mradi lifike hadi kiini cha bonge. Bonge lililoiva nje tu bado ni kinyesi. Ila joto haliondoi madini. Vyoo vyetu ni majalala pia: betri za redio, makopo ya rangi, mabaki ya dawa za mashambani. Risasi na kromi haziungui. Tope likipoteza nusu ya uzito wake motoni, sumu hiyo inabaki imerundikana kwenye kilo chache. Ikiingia majini haina rangi wala harufu, na kuchemsha hakuitoi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto.

Hata anayepikia tu ajihadhari na majivu, nayo ni mengi kuliko ya mkaa wa miti. Majivu kwetu hayatupwi: yanasugua sufuria, yanahifadhi maharage yasibunguliwe, yanachujwa kupata magadi ya kulainishia mboga. Hayo ya topekinyesi yasiguse chakula kwa njia yoyote.

Kuna pia wanaoutazama mkaa huu kama malighafi ya matofali. Watafiti wanaujaribu, na kwenye ukuta mkavu huenda ukafaa. Lakini Kyela hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo ikifurika, msingi wa nyumba hulala majini na maji ya shimo la choo hukaribiana na ya kisima. Tofali linalolowa hivyo laweza kuachia kilichomo. Fundi asilifyatue kabla ya vipimo.

Vipimo vinapatikana: Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda Mbeya. Kikundi kinachotaka kuuza mkaa huu kipeleke sampuli, kieleze tope limetoka vyoo gani, kiombe kupimiwa risasi, kadimi na kromi.

Maji ya kunywa yachemshwe, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Aliyekwisha kutia mkaa huo ndooni amwage maji mbali na kisima, asugue ndoo, aanze upya. Mkaa wenyewe usitupwe mtoni wala kwenye jaruba la mpunga; ufungwe kwenye kiroba, uwekwe pakavu, na bwana afya wa kata aitwe.