Jengeni Maduka, Lakini Muuza Mutura Abaki
MTAANI WIKI HII, na Salome Nyabuto

Ijumaa saa tatu usiku, Mumias South Road pale Buruburu, Nairobi, haina pa kukanyaga. Baa zimefungulia muziki, na nje yake kuna jiko la mutura, karai la chipsi na toroli la smokie. Wengi wanatamani yote haya yang'olewe, yajengwe maghorofa ya maduka.

Kero yao ni ya haki. Buruburu ilianza kujengwa 1973 iwe mtaa wa familia, na mtoto wa shule anahitaji kulala. Kaunti ya Nairobi chini ya Gavana Johnson Sakaja ilipofuta leseni za klabu za usiku katika makazi mwishoni mwa 2022, ilijibu kilio cha kweli. Kelele zidhibitiwe. Lakini kuzima spika ni jambo moja, kumzimia mama jiko ni jingine. Jiko hilo ndilo karo na kodi ya nyumba.

Tena tusidanganyike kwamba jengo kubwa ndilo biashara ya kudumu. Supamaketi za Uchumi na Tuskys zilikuwa na matawi papa hapa Buruburu. Zote mbili zilianguka, zikaacha wasambazaji wakidai na wafanyakazi bila kazi.

Mtaa wa Eastleigh ulipitia njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wafanyabiashara Wasomali, wengi wao wakimbizi, waligeuza vyumba vya kulala vya Garissa Lodge kuwa maduka. Chumba cha kitanda kimoja kilimtosha mwenye mtaji mdogo. Kutokana na vyumba hivyo yakaota majumba ya maduka yanayovuta wanunuzi hadi kutoka nchi jirani. Walioanza na kidogo ndio waliokuza soko lile.

Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 hairuhusu mtu kujenga bila idhini ya kaunti. Basi kaunti iitumie nguvu hiyo. Kabla ya kupitisha mchoro wowote, iwaandikishe wote wanaouza pale, wa mchana na wa usiku. Iagize sehemu ya ghorofa ya chini iwe vibanda vidogo vyenye maji, vyoo na taa, vinavyolipiwa kwa siku bila gudwili. Waliokuwepo wapewe kwanza, kwa maandishi, kabla tingatinga halijawashwa.

Mwekezaji atakayeona masharti haya ni mazito atafute kiwanja kwingine. Wateja anaowafuata Buruburu waliletwa na hao anaotaka kuwafukuza.