Mji Haulindwi kwa Kuwafukuza Vijana

Kila panapotokea uvamizi Dar es Salaam, husikika kelele zile zile: vijana wasio na kazi waondolewe mjini! Husemwa vibarazani, husemwa ndani ya daladala, na husemwa hata na baadhi ya wenzetu katika mikutano ya matawi. Sisi twasema hapana, na sababu zetu twazitoa hadharani.

Kwanza, kelele hizi si mpya, na twajua zilikotoka. Mwaka 1914 Wajerumani waliugawa mji huu mafungu matatu, yakajulikana kama Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Waingereza wakaendeleza yale yale, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi uwe mpaka kati ya Uhindini na Kariakoo. Mwafrika aliyekuja mjini kutafuta shilingi aliitwa mhuni, akakamatwa, akarudishwa kwao. Je, wizi ulikwisha? Haukwisha. Baada ya Uhuru nasi tukaijaribu dawa ya mkoloni. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 ilitumika kuwazoa watu mitaani na kuwapeleka mashambani, na wengi wao walirudi. Mwaka 1957 mji huu ulikuwa na watu wapatao 129,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Basi atakayewafukuza ni nani, na atawapeleka wapi? Tena Katiba yetu, ibara ya 17, yampa kila raia haki ya kwenda na kuishi popote katika Jamhuri hii. Haikusema: isipokuwa maskini.

Hatusemi kwamba hatari haipo. Septemba 2022 vikundi vya vijana wenye mapanga, walioitwa Panya Road, viliingia majumbani mwa watu, vikajeruhi na kuua. Mtu wa namna hiyo ni adui wa wananchi. Akamatwe, ashitakiwe, afungwe. Lakini mwalimu anayechapa darasa zima kwa sababu ya chaki iliyoibwa na mtoto mmoja, hamkomeshi mwizi. Huwafundisha wale wengine kwamba wema hauna faida. Watatuambia kwamba samaki mmoja akioza, wote huoza. Twawajibu: vijana wetu si samaki.

Tazameni hofu inavyotufanya. Mwanzoni mwa Januari 2015 uvumi tu ulitosha kufungisha maduka na kuwakimbiza watu wazima. Na mara ngapi sauti moja ya “Mwizi!” imetosha kumwua mtu kwa mawe na moto, bila kuulizwa hata jina lake? Ibara ya 13 yasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa ametenda kosa. Anayebeba tairi kwenda kumchoma mwenzake halindi mtaa. Yeye ndiye mhalifu wa siku hiyo.

Tena, je, ni panga peke yake linaloua mjini? Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lilianguka katikati ya jiji, likaua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo lingine likaanguka Kariakoo, likaua zaidi ya 20, watu waliokwenda dukani kutafuta riziki. Hao hawakuuawa na kijana wa kijiweni. Lakini ni nani aliyepiga kelele kwamba wajenzi wabovu waondolewe mjini? Mwenye kaptula iliyochanika huitwa mhuni. Mwenye kujenga ovyo huitwa tajiri, na mwenye kumfumbia macho huitwa mheshimiwa!

Basi usalama tunaoutaka ni huu. Taa ziwekwe Uswahilini kama zilivyowekwa kwenye barabara kubwa, maana mama anayerudi kutoka sokoni saa mbili usiku hupita kichochoroni, hapiti barabara ya wakubwa. Fedha za ulinzi zinazokusanywa nyumba kwa nyumba zitolewe stakabadhi, na hesabu zisomwe mbele ya mkutano wa mtaa. Vijana wa mtaa wenyewe waandikwe katika ulinzi shirikishi, wapewe tochi, filimbi na posho ya haki, kwani wanajua kila uchochoro. Majengo yakaguliwe kabla ya kuanguka, siyo baada ya mazishi. Na kijana anayeuza maji au mitumba apewe mahali pa kuuzia, asikimbizwe kila asubuhi kama kuku shambani.

Mambo haya hayaji kwa kunung’unika. Ndugu, mkutano wa mtaa wako unapoitishwa, nenda. Uliza taa ziko wapi. Uliza hesabu. Na akisimama mtu kusema vijana wafukuzwe, mwulize kwa adabu: aanze na mtoto wa nani?