Mvinyo Mtamu wa Asti Una Sukari Nyingi

Msomaji, wengi hudhani mvinyo mtamu wenye povu kutoka Italia hauna neno, kwa vile ulevi wake ni mdogo. Kweli, Moscato d'Asti, wa jimbo la Piemonte, huwa na alkoholi ya takriban asilimia 5 tu. Lakini jiulize kwa nini. Watengenezaji huupoza kabla hamira haijala sukari yote ya zabibu, na inayosalia huingia chupani: mara nyingi gramu 100 au zaidi kwa lita. Glasi ya mililita 150 basi ina karibu vijiko vinne vya chai vya sukari.

Ndiyo sababu sipendi kuuona ukiandamana na keki. Waitaliano wenyewe huunywa na mkate wao wa Krismasi, panettone, na ladha hupatana, ila hiyo ni sukari juu ya sukari. Afadhali jibini yenye chumvi kama gorgonzola, au kuku wa pilipili. Utamu hutuliza ukali. Brachetto d'Acqui, ulio mwekundu, hufaa stroberi zisizotiwa sukari.

Mwenye kisukari amwone daktari kwanza. Naye dereva akumbuke kwamba asilimia 5 ni nguvu ya bia.