Mwanafizikia na Chuma Kilichomo Mfupani

Mwaka 1998 Tuzo ya Nobeli ya Kemia ilitolewa kwa wataalamu wawili, na mmoja wao, Walter Kohn, hakuwa mkemia. Alikuwa mwanafizikia ambaye ujanani alikatazwa hata kuingia katika jengo la kemia. Kohn alizaliwa Vienna mwaka 1923 katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1939 alipelekwa Uingereza pamoja na watoto wengine waliokuwa wakiokolewa kutoka mikononi mwa Wanazi. Wazazi wake walibaki nyuma, wakauawa. Mwaka uliofuata Waingereza walimweka kizuizini kwa kuwa alihesabiwa kuwa raia wa nchi adui, kisha wakamsafirisha hadi kambi za Kanada, na huko akafundishwa hisabati na wasomi waliokuwa wafungwa wenzake. Alipoachiwa alijiunga na Chuo Kikuu cha Toronto. Jengo la kemia lilikuwa na shughuli za vita, na mtu wa asili yake hakuruhusiwa kupita mlangoni. Akasoma fizikia na hisabati.

Namtaja mtu huyu katika jarida la afya kwa sababu nadharia yake leo hutumika kubuni metali zinazowekwa ndani ya mwili wa mgonjwa, na kwa sababu namna alivyolipata swali lake inatuhusu sisi tunaofanya kazi hospitalini kuliko tunavyodhani.

Kila kitu kigumu, kiwe sahani ya chuma, jino au punje ya chumvi, hushikamana kwa nguvu za elektroni za atomu zake. Kanuni zinazotawala elektroni zilijulikana tangu miaka ya 1920. Taabu ilikuwa kuzikokotoa. Molekuli moja ya maji ina elektroni 10, na mahali pa kila elektroni huelezwa kwa namba 3. Kwa hiyo maelezo kamili yana vigeugeu 30. Ukitaka kuandika thamani ya wimbi la elektroni hizo katika vituo 10 tu kwa kila kigeugeu, utahitaji namba ambazo hesabu yake ni 1 ikifuatwa na sifuri 30. Hakuna kompyuta duniani inayoweza kuzihifadhi. Na hiyo ni molekuli moja ya maji. Atomu moja tu ya titaniamu ina elektroni 22.

Mwishoni mwa mwaka 1963 Kohn alikuwa Paris, akisoma maandishi ya wataalamu wa metali kuhusu aloi, yaani metali zilizochanganywa. Wataalamu hao walizungumzia kiasi cha chaji kinachohama kutoka atomu ya aina moja kwenda ya aina nyingine. Kohn akajiuliza: je, tukijua msongamano wa elektroni katika kila nukta, bila kufuatilia elektroni mojamoja, tutakuwa tumejua yote yanayohitajika? Mwaka 1964, yeye na Pierre Hohenberg walithibitisha kwamba ndivyo, kwa mada iliyo katika hali yake ya chini kabisa ya nishati. Mwaka 1965, yeye na Lu Jeu Sham walitoa milinganyo ya kuutumia ukweli huo. Msongamano una vigeugeu 3 tu, na hubaki na 3 hata elektroni zikiwa elfu. Sehemu moja ya milinganyo hiyo haijulikani kwa ukamilifu hadi leo, hukadiriwa tu, na miongo kadhaa ilipita kabla makadirio hayajawa mazuri kiasi cha kuaminiwa na wakemia. Ndiyo maana tuzo ilichelewa hadi 1998.

Tazama swali lilitoka wapi. Lilitoka katika maandishi ya watu wanaoyeyusha na kuchanganya metali, ambao walikuwa wameona jambo na kuliandika kwa lugha yao wenyewe. Kama wasingaliandika, sijui Kohn angalisoma nini majira yale.

Sasa tuje kwenye mfupa. Ugumu wa kitu dhidi ya kunyumbuka hupimwa kwa gigapaskali. Gamba gumu la mfupa wa binadamu lina takriban gigapaskali 10 hadi 30. Chuma kisichoshika kutu kina karibu 200. Aloi ya titaniamu inayotumika zaidi hospitalini, iliyochanganywa na aluminiamu na vanadiamu, ina karibu 110. Metali iliyo ngumu kuliko mfupa ikikaa sambamba nao hubeba sehemu kubwa ya uzito, na mfupa usiobeba mzigo hupungua. Madaktari wa mifupa wanalijua hili vizuri, hasa kwa wagonjwa waliobadilishiwa nyonga: picha za miaka michache baadaye huonyesha mfupa uliosinyaa kandokando ya shina la metali, na hatimaye kiungo bandia kinaweza kulegea.

Mwaka 2007 watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya utafiti wa chuma, Düsseldorf, Ujerumani, walichapisha kazi iliyoanzia kwenye nadharia ya Kohn. Kwa kompyuta walikokotoa ni kiasi gani cha niobiamu au molibdenamu kinachohitajika ili titaniamu ishike mpangilio wa atomu ulio laini zaidi. Hesabu zilionyesha kwamba aloi hulainika inapokaribia mpaka wa uthabiti wake, pale ambapo mpangilio wa atomu u karibu kugeuka kuwa mwingine. Baada ya hapo ndipo walipoyeyusha metali na kupima. Aloi yao iliyokuwa na niobiamu, zirkoniamu na tantalamu ilifika karibu gigapaskali 60. Bado ni mara mbili ya mfupa au zaidi, lakini ni karibu nusu ya aloi iliyozoeleka. Kilichonivutia zaidi ni mpangilio wa kazi: tatizo la kliniki lilitangulia, hesabu ikafuata, tanuri likaja baadaye.

Mwenzangu wa wodi ya majeruhi atanikatiza hapa, na ana haki. Kwa kijana aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda, jeraha likiwa wazi na limejaa mchanga, kinachouokoa mguu ni kuusafisha mapema, dawa ya kuua bakteria na mkono wa daktari mwenye ujuzi. Aina ya aloi ni jambo la mbali sana kwake. Tena milinganyo ya Kohn haisemi chochote kuhusu maambukizi, wala haijui seli za mgonjwa zitaipokeaje metali baada ya miaka kumi. Hukokotoa mamia ya atomu, pengine maelfu, ilhali mwili ni kitu kingine kabisa. Mtu akikuambia kwamba kipandikizi ni salama kwa kuwa kompyuta imesema hivyo, mwombe matokeo ya majaribio kwa wagonjwa.

Pamoja na hayo, sikubaliani na wanaosema kwamba sayansi hii ni ya matajiri. Programu inayotumia milinganyo ya Kohn, kama Quantum ESPRESSO, hupatikana bila malipo. Shule ya Afrika ya kukokotoa miundo ya elektroni, iliyoanza Cape Town mwaka 2010, ilifanyika Eldoret, Kenya, mwaka 2012. Katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki wapo wanafizikia wanaoifanya kazi hii sasa hivi. Wanachokosa ni maswali ya hapa kwetu, na maswali hayo tunayo sisi.

Tunayatupa. Sahani iliyovunjika ndani ya paja, msumari uliopinda, parafujo iliyolika kwa kutu, vyote hutolewa chumba cha upasuaji na mara nyingi huishia kwenye ndoo ya taka. Katika faili la mgonjwa huandikwa kwamba chuma kimetolewa, basi. Hakuandikwi kilikuwa cha aina gani, kilikaa miaka mingapi, wala kilivunjikia wapi: kwenye tundu la parafujo au katikati. Kwa mtu wa metali, sehemu ilipoanzia nyufa ni ushahidi mzito. Kwetu ni takataka.

Napendekeza kwamba hospitali za kufundishia zitenge kabati. Kila metali inayotolewa mwilini, kwa idhini ya mgonjwa, isafishwe, iue vijidudu, ifungwe katika mfuko wenye namba isiyomtaja mtu, na iambatane na karatasi moja yenye umri wa mgonjwa, mfupa uliohusika, tarehe ya kuwekwa na ya kutolewa, na sababu. Mara moja kwa mwaka wanafizikia na wahandisi wa chuo cha jirani waalikwe kulifungua kabati hilo. Gharama yake ni ndogo sana, na kazi kubwa itakuwa ya muuguzi wa chumba cha upasuaji, ambaye aulizwe mapema kama anaiweza badala ya kuletewa fomu nyingine ya kujaza.

Na mgonjwa naye ana sehemu yake. Ukiwekewa chuma mwilini, omba uandikiwe ni metali gani, na uitunze karatasi hiyo pamoja na kadi yako ya kliniki. Chuma kisichoshika kutu kwa kawaida huwa na nikeli, na wako watu ambao ngozi zao huikataa nikeli hata katika hereni au saa. Mwambie daktari kabla ya upasuaji kama wewe ni mmoja wao. Ukihitaji kipimo cha MRI siku moja, mtaalamu atataka kujua kilichomo. Na daktari atakayekifungua kidonda hicho baada ya miaka saba, pengine katika mkoa mwingine, atahitaji kujua aandae bisibisi ya aina gani.

Wapo watakaosema mgonjwa hana haja ya kujua jina la aloi. Yeye ndiye atakayelala nayo.