MAZUNGUMZO YA MICHEZO: Bondia wa Zamani na Bondia wa Sasa

Juma lililopita nilisafiri kwa matatu kutoka Migori kwenda Homa Bay kwa kazi ya ofisi, na kabla hatujafika Awendo vita vilikuwa vimezuka ndani ya gari. Havikuwa vita vya mikono. Mzee mmoja aliyeketi karibu na mlango alikuwa akibishana na kijana mpana wa mabega juu ya swali ambalo wapenzi wa ndondi hawalichoki: katika mabingwa wa uzito wa juu, wa zamani na wa siku hizi, ni yupi angemshinda mwenzake?

Mzee alisimama na Muhammad Ali. Alieleza jinsi habari za Kinshasa zilivyofika kijijini kwa redio mnamo tarehe 30 Oktoba 1974, kwamba Ali amemwangusha George Foreman katika raundi ya nane, na watu wakaacha majembe wakaenda kusikiliza. Kijana naye alisimama na Lennox Lewis. "Jaduong'," alisema kwa adabu, "Ali alikuwa na maneno mengi, lakini Lewis alikuwa na kilo zaidi ya 110. Angemlaza." Mzee akajibu kwamba vijana wa leo hupima mtu kama wanunuzi wa ng'ombe, kwa kumtazama mbavu tu, na kwamba siku hizi hakuna mabondia, kuna minofu.

Hapo kijana alinyamaza, nasi tukaona kwamba neno lile limemchoma. Baadaye alitueleza sababu. Yeye mwenyewe ni bondia, uzito wake kilo 88, na kwao ni shida kumpata mwenzake wa uzito ule wa kufanya naye mazoezi, hata hulazimika kupigana na watu wa kilo 70 huku akiuzuia mkono wake. Mtu wa namna hiyo akiambiwa na mkubwa wake kwamba siku hizi hakuna mabondia, huenda akazitundika glavu ukutani asizishushe tena.

Karani mwenye faili mapajani afadhali anyamaze safarini. Lakini mzee aliniona nikitabasamu, akaniamuru niamue.

Nilianza kwa kuwaonya juu ya mnyororo. Watu hupenda kusema: Ali alimshinda Foreman, Foreman naye, akiwa na umri wa miaka 45, alimwangusha bingwa Michael Moorer tarehe 5 Novemba 1994, basi Ali angewashinda hata hao wa baadaye. Mzee alifurahi sana kusikia hivyo. Lakini mnyororo huo una ncha nyingine. Larry Holmes alimshinda Ali mwaka 1980. Mike Tyson alimwangusha Holmes katika raundi ya nne mwaka 1988. Na Lewis alimwangusha Tyson katika raundi ya nane mwaka 2002. Kwa hesabu hiyo Lewis ndiye mshindi, na sasa aliyefurahi ni kijana. Hesabu zote mbili ni za uongo. Ali wa mwaka 1980 alikuwa na miaka 38 na alikwisha kustaafu mara moja; Holmes naye alikuwa na miaka 38 alipokutana na Tyson. Kadhalika Rocky Marciano alimwangusha Joe Louis mnamo Oktoba 1951, na Louis huyo alikuwa na miaka 37, amerudi ulingoni kwa sababu ya deni la kodi. Ni nani atakayesema kwamba huyo ndiye Louis yule wa mwaka 1938, aliyemmaliza Max Schmeling katika raundi ya kwanza?

Wamarekani walijaribu hata kuiachia mashine kazi hii. Mwaka 1969 Ali na Marciano walipigwa picha ya sinema wakiigiza pigano, na kompyuta ikampa Marciano ushindi katika raundi ya 13. Marciano alikufa katika ajali ya ndege kabla sinema haijaonyeshwa. Mimi siiamini hukumu ya kitu ambacho hakijapata kupigwa ngumi hata moja.

Tena kuna mizani. Marciano, aliyepigana mara 49 asishindwe, alikuwa na uzito wa kilo 84 hivi. Nikamwambia kijana, "Wewe ni mzito kuliko Marciano." Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba ana shamba asilolijua.

Nikawauliza wote wawili: mbona tangu Migori hatujataja mtu wa kwetu? Medali ya dhahabu ya uzito wa juu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola imekuja Afrika Mashariki: George Oywello wa Uganda, Perth, mwaka 1962, Benson Masanda wa Uganda pia, Edinburgh, mwaka 1970, na George Onyango wa Kenya, Auckland, mwaka 1990. Hao wanastahili kulinganishwa, nao hulinganishwa kwa taabu ile ile. Oywello na Masanda walipigana vichwa wazi, katika daraja lisilokuwa na mpaka wa juu: kila aliyezidi kilo 81 aliingia, hata awe mnene kama kiboko. Onyango alivaa kofia ya kinga, na daraja lake lilikomea kilo 91, kwa kuwa walioizidi walikwisha kutengewa daraja lao. Mtu asiyejua hayo atasema wa kwanza walikuwa mashujaa na wa tatu alipunguziwa kazi. Mimi nasema kila mmoja aliwashinda wale waliowekwa mbele yake, na hakuna awezaye kumdai zaidi.

Halafu nikamgeukia kijana na Lewis wake. Katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Lewis alianza na Mkenya, Chris Odera, na mwamuzi akalisimamisha pigano katika raundi ya pili. Kijana akainamisha kichwa. Nikamwambia asiiname, kwa maana katika fainali Lewis alikutana na Riddick Bowe wa Marekani, naye pia akasimamishwa katika raundi ya pili. Bowe huyo ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1992. Odera wetu alisimama mpaka raundi ile ile.

Hukumu yangu nilimpa Ali, kwa kuwa Liston, Frazier na Foreman aliwashinda wote wakiwa watu wa kuogopwa, ingawa Frazier alikuwa amemshinda kwanza mwaka 1971. Lakini mzee hakuupokea ushindi wake. Alikuwa akiwaza jambo jingine.

Tulipofika Rodi Kopany alisimama ateremke. "Wuoda," alimwambia kijana, "umesema kilo ngapi?"

"88, Jaduong'."

Mzee akahesabu kwa vidole. "Basi wewe ni wa daraja la yule wa Auckland." Akamwonyesha gunia lake la mahindi nyuma ya kiti, na kijana akaliteremsha kwa mkono mmoja.